Mashua ya Kubandika

Fundi alikuwa akitengeneza picha zinazowaka. Kazi yenyewe haikuwa na uchawi: unachapa mchoro kwenye kitambaa kinachopitisha mwanga, unakivuta juu ya fremu mpaka kilie kama ngoma ukikigusa, nyuma yake unapanga mikanda ya balbu ndogo, kisha unachomeka umeme. Wateja wengi walitaka maua. Mkurugenzi wa kampuni ya meli alitaka bahari.

Alileta nakala ya mchoro wa zamani: tufani, meli ya matanga imelala ubavu, watu majini, na mashua ndogo ikiwafuata. Aliupenda wote isipokuwa watu. Alisema mgeni hawezi kunywa chai kwa raha huku wenzake wanatapatapa mbele yake. Fundi akawafuta kwenye kompyuta mmoja mmoja, akaziba nafasi zao kwa mawimbi ya jirani. Ikabaki mashua tupu, na mashua tupu katikati ya tufani inatia simanzi kuliko watu wenyewe, kwa hiyo akaifuta nayo. Hilo hakuambiwa na mtu. Mdogo wake wa mwisho, ambaye Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa baharia kwenye meli ya kampuni hiyohiyo, na Fundi alitaka mkurugenzi aridhike.

Picha ikatundikwa mapokezi. Siku za mwanzo sakafu ilikuwa inalowa. Dada wa mapokezi alipiga deki, akaweka ndoo, kisha akampigia Fundi simu kuuliza kama balbu zake zina tabia ya kuvuja. Fundi alikuja, akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa maji ya chumvi. Akashauri ndoo kubwa zaidi.

Baadaye wakarudi watu.

"Tulikubaliana uwatoe," dada wa mapokezi alimwambia, bila hasira. "Na leo tuna wageni."

Fundi alisogea akiwa na karatasi nyeusi ya kuwaziba kwa nyuma. Hawakuwa wale wa mchoro. Mmoja alikuwa mpishi wa meli, yule mwenye sikio lililokatika, ambaye mdogo wa Fundi aliwahi kumleta nyumbani akala kwao na kusifu mchuzi. Sasa alikuwa na aproni yake, maji kidevuni, anapiga miguu. Fundi aliuliza meli iko wapi. Akajibiwa imechelewa kidogo, redio ina hitilafu. Alipitia uso mmoja baada ya mwingine, na mdogo wake hakuwamo. Alimshukuru Mungu, kisha akaona haya, maana mpishi alikuwa anamtazama.

Hakumziba mtu. Alipanda ghorofani, akamuuliza mkurugenzi kama ile meli ilikuwa na mashua ya kuokolea watu. Mkurugenzi alikuwa muungwana. Alimkaribisha kiti kwanza. Akasema mashua ilitolewa mwaka jana, ilikuwa inakula nafasi ya mizigo.

Aliposhuka, mdogo wake alikuwa amefika. Alikuwa palepale ilipofutwa mashua, ndani ya shati la mistari alilomshonea Fundi mwenyewe, akikamata wimbi la kunakili na kuteleza, akikamata lingine na kuteleza tena. Kila alichoshika kilikuwa kazi safi ya dada yake.

Fundi alikimbia karakana. Kwa haraka yake chapa ya kwanza iliharibika. Alirudi na mashua kwenye kipande cha kitambaa, akafungua mgongo wa fremu, akaibandika kwa gundi mahali pake pa zamani. Alipozunguka mbele, mpishi alikuwa ameshaingia na anawavuta wenzake. Mdogo wake alivutwa wa mwisho, akalala chali, kifua kikipanda na kushuka. Fundi aliketi kwenye maji akalia. Dada wa mapokezi akamwomba asogee kidogo apige deki.

Mkurugenzi hakukasirika. Aliitazama picha kwa muda, akaipenda kuliko mwanzo. Ndugu wa mabaharia walipoanza kuja kuuliza, aliwaleta mbele yake.

"Mashua ile pale," aliwaambia. "Na watu wenu wamo."

Wake waliwatambua waume zao, wakawapungia mkono, wakashukuru, wakaenda zao kupika. Hakuna aliyeuliza tena habari za meli.

Kisha mkurugenzi alimwita Fundi kando. Alimwambia, kwa upole uleule, kwamba yeye binafsi asingependa kuzima ile taa, kwani hajui watu wale wangekuwaje gizani. Alimwomba tu asipitepite akizungumza mambo ya mashua. Fundi alielewa. Aliitazama swichi ya picha ukutani, akaitikia.

Sasa huja kila asubuhi kufuta chumvi kwenye kitambaa. Humpa mdogo wake habari za nyumbani, naye huitikia kwa kichwa. Mashua haiendi popote, lakini haizami. Meli nyingine ilipokuwa inapakia, magunia ya saruji yalipangwa pale panapopaswa kukaa mashua, na mabaharia wapya wakaja mapokezi kutia sahihi. Mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye mkoba begani, alisimama karibu na Fundi akiitazama picha.

"Dada," alisema, "mimi kuogelea sijui. Hizi meli zao zina mashua kweli?"

Fundi alimtazama mdogo wake. Mkurugenzi alikuwa anaagana na mgeni mlangoni, bega lake limeegemea ukuta, karibu na swichi.

"Zina," Fundi akasema, akaendelea kufuta chumvi.