Ki, Nge na Ngali

Mke wangu hakutaka kuwa ndege.

"Kwa nini niwe ndege?" aliniuliza jioni ya kwanza ya masomo, kalamu ameichomeka sikioni kama seremala. "Mimi nina kazi yangu. Ndege ataajiriwa na nani?"

Nilimweleza kwamba huo ni mfano tu. Vitabu vya Kiingereza vina huyo ndege tangu mimi mwenyewe niko shule: ningekuwa ndege, ningeruka. Nimeufundisha mfano huo miaka yote ya ualimu wangu, watoto wa watu wameuimba darasani bila swali, na sasa mtu mzima, tena ndani ya nyumba yangu, anataka kujua ndege ameingiaje.

"Basi tafuta mfano wako," nikamwambia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, ila hazikai.

Akafikiri kidogo. "Ningekuwa na plasta nzuri, nisingerudia kazi."

"Hapo sawa. Haya, kwa Kiingereza."

Mke wangu hutengeneza miguu. Ana karakana nyuma ya wodi za hospitali, chumba chenye vumbi jeupe mpaka kwenye swichi ya taa. Mtu aliyekatwa mguu hufika pale na magongo yake. Yeye hukizungushia kigutu bandeji za plasta apate umbo lake, hulichonga lile umbo, hupasha plastiki kwenye tanuri mpaka ilegee, huivalisha juu yake, kisha hukata, hupiga msasa na kufunga chuma na unyayo. Wengine huondoka wanatembea, wengine huondoka wananung'unika, halafu hurudi kushukuru. Wote humwita Fundi. Nami humwita Fundi, hasa nikiwa nataka kitu. Yeye huniita Mwalimu, hasa nikiwa nimekosea.

Chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kazi hiyo kilikuwa kimemwona kwenye semina, kikamtaka akafundishe huko miaka miwili. Kilichobaki ni usaili wa Kiingereza kwa njia ya kompyuta. Kiingereza cha kusoma anacho na cha kazi anacho, lakini cha kuzungumzia mambo ambayo hayapo kilimpiga chenga. Na hayo ndiyo mambo wasaili wanayoyapenda. Ungefanya nini kama hiki kingetokea, ungefanyaje kama kile kisingekuwepo.

Walisema pia anaruhusiwa kwenda na mwenzi wake. Siku aliponipa habari hiyo nilikuwa nanyoa ndevu, nikamjibu kupitia kioo: "Mimi niende huko nikafanye nini, nikufulie soksi?" Tukacheka wote wawili. Hakulirudia tena neno hilo, nami sikulirudia, na kicheko kile kikabaki kati yetu kama kabati lililowekwa mlangoni. Kila mtu alilizunguka.

Nitasema wazi, maana mficha uchi hazai. Nilitaka afaulu, na nilitaka afeli. Asubuhi nilitaka afaulu. Jioni, nikimwona anakunja mikono ya blauzi na kuketi mbele yangu kama mwanafunzi, nilitaka afeli, kisha nikaona aibu, kisha nikamfundisha kwa bidii zaidi ili niizibe ile aibu. Kwa hiyo alipata masomo mazuri sana.

"Sikiliza," nilimwambia. "Kiingereza kina kama za aina tatu, na zote tayari unazo mdomoni. Kuna ki, kuna nge, kuna ngali. Nikienda, nitakaa: jambo linawezekana, begi liko mlangoni. Ningeenda, ningekaa: hiyo ni ndoto. Ningalienda, ningalikaa: gari limeshaondoka, umebaki unafuta vumbi machoni."

"Mbona watu wanachanganya tu nge na ngali na dunia inaendelea?"

"Najua wanachanganya. Mwalimu wa Kiswahili, tunayekaa naye meza moja, amezeeka kabla ya wakati kwa ajili hiyo. Lakini huyo msaili wako hatachanganya."

Akainamia daftari, kisha akainua kichwa. "Na hii were? Mtu mmoja ni was. Ulinifundisha mwenyewe tukiwa wachumba."

"Ndiyo. Lakini jambo likiwa si la kweli, wao humpa mtu mmoja kitenzi cha wengi."

"Kwa hiyo mtu akidanganya anakuwa wengi."

"Hadanganyi. Anawaza."

"Anawaza yeye na nani?"

Nikamwambia tuendelee na zoezi.

Alishika haraka, kwa sababu kila sentensi aliipeleka karakana. Mgonjwa akiniambia ukweli, mguu utamkaa. Mgonjwa angeniambia ukweli, mguu ungemkaa. Mgonjwa angaliniambia ukweli, mguu ungalimkaa. Alizisema kwa Kiingereza moja baada ya nyingine, na kila moja niliona ni bora kuliko yule ndege. Nilijivuna kama vile nimezitunga mimi.

Ndipo nikaharibu mambo kwa ualimu wangu. "Msaili atachoka na miguu," nikamwambia jioni moja. "Nipe sentensi ya ngali inayotoka kwenye maisha yako."

Alikuwa anapiga pasi sare zake za kazi. Akapitisha pasi kwenye kola, akaigeuza kola, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba kama asingaliolewa, angalikuwa ameshakwenda zamani.

Niliisikia kama mwalimu kabla sijaisikia kama mume. Kitenzi cha kwanza kilikuwa mahali pake, cha pili mahali pake, kikanushi mahali pake.

"Sahihi," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Haina kosa."

Pasi ikatoa mvuke. Hapo ndipo maana ilipofika, imechelewa kidogo, na ilipofika ilinikaa kifuani. Nikauliza kwa Kiswahili, "Kwenda wapi?"

"Chuo hikihiki. Mwaka ule tunaooana walikuwa wanachukua wanafunzi. Na mimi nilichaguliwa."

"Hukuniambia."

"Kadi za harusi zilikuwa zimeshatoka. Mama yako alikuwa ameshashona gauni." Akaipindua sare upande wa pili. "Na nilikuwa nakupenda, Mwalimu. Usinifanye niseme mambo haya nimeshika pasi."

"Unajuta?"

"Ningekuwa najuta ungejua. Wewe umeomba sentensi ya ngali, mimi hiyo ndiyo niliyo nayo. Zilizobaki zote ni za miguu."

Wahenga wamesema majuto ni mjukuu. Sisi hata mjukuu hatuna, tuna binti mmoja na bado yuko chuoni. Lakini nilikaa pale mezani nikajuta kwa niaba yake jambo ambalo mwenyewe halijutii, na nikaogopa. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu nikidhani namjua mpaka kikohozi chake, kumbe alikuwa amebeba safari nzima kimya na hakuwahi kuidondosha mbele yangu hata siku ya ugomvi. Mimi ningeidondosha kila tukigombana.

Kesho yake aliacha miwani nyumbani, nikampelekea wakati wa mapumziko ya shule. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, kati ya vile vyuma viwili ambavyo wagonjwa hushika wakijifunza kutembea. Aliyesimama mbele yake alikuwa mzee mmoja, zamani dereva wa lori, jasho linamtoka.

"Mguu huu unanichukia, mama," mzee alisema.

"Haukuchukii, mzee wangu. Haujakuzoea. Wewe ulimzoea mkeo siku moja?"

Mzee akacheka, na alipokuwa anacheka Fundi akalegeza skrubu kidogo kwenye kifundo, akausogeza unyayo nje kwa upana wa kucha, akaikaza tena. Kisha akajivuta nyuma bila kusimama. Mzee akapiga hatua, akapiga nyingine, na sijui ni wakati gani aliachia vyuma, nadhani hata yeye hajui. Alipofika ukutani aliugusa kwa kiganja, akageuka, akaniona mlangoni nimeshika miwani ya mke wangu.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi usimchoshe nyumbani. Sisi huku tunamhitaji."

Nilirudi shuleni nikiwa na fahari na hofu kwa pamoja. Niliwaza vijana wa kile chuo watakaokaa kwenye benchi kumwangalia akisogeza unyayo kwa upana wa kucha, na nikajua moyoni kwamba mtu wa namna hii hafichwi ndani ya nyumba kwa sababu mumewe hapendi kula peke yake. Kujua nilijua. Kusema ndiko kulikonishinda.

Siku ya usaili alifunga mlango wa sebule, mimi nikahamishiwa jikoni na kukatazwa kugusa sufuria. Sauti zilipenya. Msaili alikuwa mwanamke mwenye upole wa mtu anayejua kukamata watu. Aliuliza angefanya nini kama mwanafunzi angekataa kugusa kigutu cha mgonjwa. Fundi alijibu kwamba angemwachia mgonjwa amguse yeye kwanza. Aliuliza hiki, akauliza kile, na nge zikatiririka kama maji ya bomba.

Halafu akauliza upweke wa ugenini ungemfanyaje.

Nilisahau nimeshika beseni. Kisha nikamsikia mke wangu akisema, na ile were imekaa sawasawa mahali pake, kwamba angekuwa peke yake, angepika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu angekila chote kwa hasira.

Msaili alicheka. Mimi sikucheka. Angeweza kusema nikiwa peke yangu, jambo linalokuja, begi liko mlangoni. Yeye alisema ningekuwa. Upweke ameuweka kwenye ndoto, nikajiambia, pamoja na yule ndege. Labda hategemei kwenda peke yake. Lakini swali lenyewe lilikuwa la nge, na kanuni inataka jibu lifuate swali, tena kanuni hiyo nimemfundisha mimi. Nikabaki pale sijui kama nimemsikia mke wangu au nimesikia kanuni.

Alipotoka alikuwa amelowa kwapa. "Nilisema vizuri?"

"Vizuri sana," nikasema, na nikajikaza kisabuni nisiulize zaidi. Siku zilizofuata tuliongea habari za gesi kuisha, za binti kuhitaji viatu, za bomba la bafuni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini sisi tulikijaza bomba.

Jibu lilikuja tukiwa nyuma ya nyumba tunaanua nguo. Simu yake ililia mfukoni, akasoma, akairudisha, akaendelea kutoa vibanio kimoja kimoja. Tulikuwa tumefika kwenye shuka kubwa. Akashika ncha mbili, nami nikashika mbili, tukalinyoosha.

"Wamenichukua," akasema kutoka upande wa pili.

"Nilijua watakuchukua."

"Wanataka jibu wiki hii."

Tukalikung'uta shuka. Upepo ukalijaza tumbo, tukalivuta tena likanyooka. Alikuwa ananitazama bila utani wowote usoni.

"Niende?"

Neno lenyewe moja tu. Halikuwa ki, wala nge, wala ngali, na katika masomo yetu yote hatukuwa tumeligusa, maana Kiingereza hakina neno fupi kama hilo. Lilitaka nichukue nusu ya uzito.

"Nenda," nikasema upesi, kabla ule moyo wangu wa jioni haujaamka.

Hakufurahi. "Mwalimu, hiyo ni amri. Umeniruhusu au umenifukuza?"

"Nimekuruhusu. Kwani nani anaomba ruhusa. Nasema uende. Uende ukafundishe, uwaoneshe, wao wana bahati na mimi..." Nimewaambia watoto wa watu maisha yangu yote kwamba kuuliza si ujinga. Lakini darasani mimi huuliza maswali ambayo majibu yake ninayo tayari, na nyumbani nadhani nilikuwa nafanya vilevile. Hili sikuwa na jibu lake. Ingekuwa rahisi kulivalisha nge: ningeomba kuja, ungekubali? Hivyo angekataa, tungecheka, tungeendelea na nguo.

"Na mimi nije?" nikauliza.

Shuka lilikuwa limelegea kati yetu, katikati linakaribia kugusa majani.

"Shule yako?"

"Shule ina walimu."

"Huko utakuwa mume wa Fundi tu. Hakuna atakayekuita Mwalimu."

"Kwani hapa mimi ni nani? Hata hospitali wananiita mume."

Midomo ikamcheza, lakini hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na yangu pia, sioni sababu ya kulificha hilo.

"Nimekaa nalisubiri neno hilo tangu siku ile unanyoa ndevu," alisema. "Nikadhani halimo kinywani mwako. Liseme tena."

"Nije?"

"Njoo," akasema.

Nikaenda na ncha zangu mbili za shuka mpaka pale aliposimama.