Koti la Simu

Mtaa mzima ulimwita Kasuku, na si kwa kupenda nguo za kijani. Mtoto yule wa miaka mitano alikuwa na mdomo usiopoa. Akiamka anaongea, akila anaongea, akilala ndiyo usiseme, anaota kwa sauti. Wateja wa bibi yake, fundi cherehani, walikuja kupimwa suruali wakaondoka na habari za nyumba zote za jirani. Sasa mtu akikwambia mtoto huyo hajui kusema, si utamcheka?

Basi mwalimu wake ndiye aliyesema hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Muhula ule shule ya chekechea ilikuwa inajengwa upya, kwa hiyo masomo yalifanyika mtandaoni. Mama yake Kasuku alishinda kazini hospitalini, na kila asubuhi bibi ndiye aliyeisimamisha simu kwenye meza ya kukatia, akaiegemeza kwenye pasi, naye Kasuku akapanda juu ya robota la vitambaa kama malkia.

"Hii ni herufi gani, watoto?" mwalimu angeuliza, kadi mkononi. Kasuku alikuwa wa kwanza kujibu, kwa sauti ya kumwamsha jirani. Mwalimu akamsifu mtoto mwingine. Kesho yake vivyo hivyo.

"Kasuku, mbona hujibu, mwanangu?"

"Nimejibu! Mwalimu, nimejibu!"

Mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma, akaendelea na wengine. Bibi alianza kwa kuguna, akafika mahali akawa anasonya waziwazi. Huyu anambagua mjukuu wangu, alijisemea, na atakiona cha mtema kuni. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba Kasuku mwenyewe alianza kupoa. Sauti ilishuka, ikawa mnong'ono, na asubuhi moja akainamisha kichwa na kusema, "Bibi, mwalimu hanipendi." Tangu hapo darasani alikaa kimya kweli.

Mchana mmoja mwalimu akapiga simu.

"Bibi, nasikitika kusema hivi. Kesho tunasoma herufi S. Kama Kasuku hatatamka hata neno moja, itabidi nimrudishe kwa wadogo wa miaka mitatu."

Bibi alifura. Kabla hajapata tusi la heshima, Kasuku alichomoza kutoka chini ya meza. "S naijua mimi! Sabuni! Simba! Sahani!"

Mwalimu akauliza, "Huyo anayesema ni nani?"

"Ndiye huyo bubu wako!" bibi aling'aka. "Mtoto amepasua koo hapa siku zote, wewe unajifanya husikii!"

"Haki ya nani, bibi, sijawahi kumsikia. Midomo naiona inacheza, sauti haiji. Nikadhani ni aibu. Kwani leo simu mmeifanya nini?"

"Tuifanye nini? Ipo ipo tu, koti lake limefuliwa..."

Bibi akakomea hapo. Kwenye kamba ya kuanikia lilining'inia koti la simu, limefuliwa baada ya kumwagikiwa maziwa. Alilishona mwenyewe siku simu ilipoanguka ikapasuka kioo: kitambaa kizito, sponji ndani, dirisha mbele, na ukingo wa chini umepigwa cherehani mara mbili hata vumbi lisipite. Alijivunia koti lile kuliko suti zote alizowahi kushona. Na pale pale chini, nyuma ya sponji, ndipo kilipokaa kitundu cha simu cha kupokelea sauti.

Lo! Bibi alilivuta koti kutoka kambani. "Mwalimu, kesho utamsikia," alisema, akakata simu.

Alichukua mkasi. Akakata tundu dogo pale chini, akalizungushia uzi pande zote kama tundu la kifungo cha suti.

"Unaliwekea koti mdomo?" Kasuku aliuliza.

"Ndiyo, mdomo. Nisamehe, mjukuu wangu. Mwalimu anakupenda. Aliyekuziba ni mimi."

Asubuhi ikawakuta na mteja, bwana harusi mtarajiwa, amesimama juu ya stuli na pini mwili mzima. Kwenye simu mwalimu aliinua kadi.

"Nani atanipa neno la herufi S?"

Kasuku alimtazama bibi. Bibi alishika mdomo kwa viganja viwili.

"Sindano," mtoto alisema taratibu.

Mwalimu aliruka kitini. "Kasuku! Nimekusikia! Sema tena!"

Weee! Nani angemzuia sasa? "Sindano! Sponji! Soksi! Sketi!" Akashuka robotani, akamkamata bwana harusi mguu, akamburuta mbele ya kamera. "Suruali! Suti! Na hii hapa sidiria ya mama wa duka la dawa!" Bibi aliidaka sidiria kabla haijaonekana. Kasuku akavuta futi ya kupimia, akaikunja mezani, kona huku, kona kule, ikawa S nzuri hasa, akainamisha simu juu yake darasa zima lione. Watoto wakapiga makofi. Bibi alilia machozi ya furaha mbele ya mteja wake, wala hakujificha.

"Mwalimu, bibi ameliwekea koti mdomo!" Kasuku alitangaza, akaeleza mkasa wote, kisha akarudi kwenye sabuni, samaki, sufuria na sanduku.

Watoto wengine waliinua mikono hadi ikachoka. Mwisho mwalimu aliunganisha viganja, akicheka na kusihi. "Bibi, nakuomba, liko wapi lile koti? Ivalishe simu hata dakika moja, wenzake nao waseme."

"Koti limevaliwa, mwalimu."

"Basi lifunge hilo tundu!"

Bibi alijifuta machozi kwa ncha ya suti ya bwana harusi.

"Tundu la kifungo hilo, mwalimu," alisema. "Lakini kifungo chake sishoni ng'o."