Glasi ya Kwanza Ilitosha

Mimi ni balozi wa nyumba kumi, na kati ya mambo yote yanayoweza kunitoa nyumbani, glasi ndiyo siipendi kabisa. Watu wakigombana kwa maneno nitawasuluhisha. Wakigombana kwa glasi, kwanza lazima mtu afagie, ndipo tupate pa kukaa. Kwa hiyo glasi ya kwanza huwa naiacha ipite, maana inaweza kuwa imemponyoka mtu mkononi. Ya pili naisikilizia.

Jumamosi ile alasiri nilikuwa nanyonyoa kuku nilipoisikia ya kwanza kutoka nyumba ya Ignas. Nikaendelea kunyonyoa, maana kuku akipoa manyoya hayatoki tena. Ikaja ya pili, kisha ya tatu. Halafu sauti ya kiume ikasema, "Nimeshasema inatosha." Ya kike ikajibu, "Hapana, moja tena." Ikavunjika nyingine. Tangu nianze kusuluhisha watu sijawahi kusikia ugomvi unaoendeshwa kwa utaratibu kiasi kile. Nikamkabidhi mke wangu yule kuku, nikavaa koti.

Huyu Ignas anatengeneza sauti za michezo ya redio. Redio moja ya hapa Singida humpa karatasi iliyoandikwa "mvua inanyesha" au "mtu anatembea kwenye changarawe," naye anazitafuta sauti hizo hukohuko nyumbani, zaidi kwenye vitu vya kioo. Mvua yake ni mchanga anaoudondosha taratibu juu ya kioo cha dirisha. Changarawe ni vipande vya chupa ndani ya soksi nene. Upepo anaupata kwa kupuliza mdomoni mwa chupa, na ukipita nje unaweza kudhani mtu ana pumu. Dukani kwa Chanchal, kule mjini, haruhusiwi tena kugusa glasi kabla ya kulipa. Alikuwa anazigonga kwa ukucha moja moja huku ametega sikio, mpaka wateja wengine wakaanza kuzikagua nao, wakidhani zina kasoro.

Mtaa mzima tunayajua haya. Lakini wanaume waliowahi kuniambia "mzee, tulikuwa tunatania tu" ni wengi mno, na mimi huwa siwaamini mpaka nimwone mke.

Nikapiga hodi. Alifungua Febronia, mke wa Ignas, kanga kiunoni na glasi mkononi. Alisomea uuguzi, ila nilivyojua mimi, kazi alikuwa hajapata. Ndani, magodoro yalikuwa yameegemezwa madirishani kuzuia kelele za nje. Ignas amepiga magoti karibu na jiwe la kusagia, ameshika kipaza sauti. Vipande vya glasi vilikuwa vimezagaa hadi chini ya kabati.

"Shikamoo, mzee Simeoni," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Nani amempiga mwenzake?"

"Hakuna, mzee," Ignas akasema. "Ni mchezo wa redio. Kuna mwanamke anavunja glasi kwa hasira. Mimi nashika kipaza sauti, Febronia anarusha."

Akanivisha hedifoni nisikilize. Lazima niseme ukweli, ilivunjika vizuri kuliko glasi zinazovunjika kweli. Kila kipande ulikisikia kinavyokwenda na njia yake. Mambo yangeishia hapo, ila majirani walikuwa wameshajaa nje ya ua, na mimi nilikuwa nimeshavaa koti. Balozi hatoki na koti halafu arudi kuwaambia watu kwamba ilikuwa redio.

"Kaeni," nikasema. "Tufanye kikao."

Ignas akacheka. Alipoona sicheki, akakaa. Nikamuuliza, kama utaratibu ulivyo, kama ana lalamiko lolote juu ya mkewe. Akasema hana, labda tu kwamba leo amevunja glasi nyingi kuliko alizoombwa. Nikamgeukia Febronia nikamuuliza vilevile. Nilitegemea aseme hana, nirudi kwa kuku wangu.

"Ninalo," akasema.

Ignas akamtazama.

"Nimepata kazi kituo cha afya, Manyoni. Keshokutwa natakiwa niwe nimeripoti. Unajua nimeisubiri miaka mingapi, mzee. Huyu nimemwambia tangu siku niliyoitwa. Nikimwambia, anavaa hedifoni. Nikimwambia wakati wa kula, anagonga kijiko kwenye glasi, ananiambia nisubiri kidogo asikie. Hajasema nenda, hajasema usiende. Mimi sijui naishi na nani humu ndani."

Aliyasema yote bila kupandisha sauti.

"Sasa kwa nini hukuja kwangu mapema?" nikamuuliza.

"Nilikuja, mzee. Mara mbili. Ukaniambia nyie ni mke na mume, mzungumze wenyewe, mbona hakuna kilichovunjika."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, wala sikumkaribisha kiti.

"Basi leo nikavunja," akaendelea. "Kwa redio, glasi ya kwanza ilitosha, Ignas mwenyewe alisema. Zile nyingine zilikuwa za kukuita wewe. Na bado umechelewa."

Niliona aibu. Nikaliangalia lile jiwe kana kwamba lina shauri la kunipa. Halikuwa nalo, ikabidi nifanye kazi yangu.

"Ignas, mkeo amesema mbele yangu. Jambo likisemwa mbele ya balozi linajibiwa kabla balozi hajanyanyuka. Hukumsikia, au ulimsikia?"

Ignas akaokota kipande cha glasi karibu na mguu wake, akakiweka juu ya jiwe.

"Nilimsikia," akasema. "Mzee, kusikia ndiyo kazi yangu. Nilimsikia siku ya kwanza, na kila siku baada ya hapo. Niliona nisipojibu, labda hiyo Jumatatu itapita, na yeye atakuwa bado yupo."

Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumzaba kibao.

"Usiniambie mimi," nikasema. "Mwenyewe huyo hapo."

Ignas akamgeukia mkewe.

"Nenda, Febronia," akasema. "Nitakukatia tiketi ya kesho."

"Tiketi nimeshakata," Febronia akajibu. "Kwenda ningekwenda tu. Nilichokuwa sijui ni kama kuna mtu wa kunisindikiza stendi."