Mlima wa Mababu Waenda Rongo

Elkana Angwenyi aliichagua Jumamosi kwa makusudi. Mlima wa mchanga aliowasifia watu wa kampuni ya utalii, eti upepo wa ziwa uliujenga tangu enzi za mababu, ulikuwa umejengwa na Mama Filister na wenzake, wachota mchanga wa kuuza, kwa sepetu wiki hiyo hiyo, ukingoja lori. Lakini Jumamosi ni Sabato. Akina mama wangekuwa kanisani, na mlima ungekuwa wake peke yake.

Beverly, mwanadada wa kampuni, alikuja kutoka Nairobi na kazi moja: aone, ateleze, aamue. Akiridhika, ufuo huu wa Homa Bay ungeingia kwenye safari zao, na Elkana angevikwa kofia ya kiongozi wa wageni, ambayo tayari ilichungulia kutoka mkoba wa Beverly. Asiporidhika, Elkana angerudi Rangwe kuuza kuku, na kuku walikuwa wamemchosha roho.

Walipita ufuoni kwa Landkruza ya kukodi, maji yakirukia milango, Elkana akinadi kila kitu. Nyavu zilizoanikwa zikawa utamaduni. Mbwa wa jirani akawa mnyama wa porini.

"Na hizi alama za tairi?" Beverly akauliza.

"Ni upepo, madam."

"Upepo uko na tairi?"

"Wa huku ni mkali."

Walipofika mlimani Elkana akatoa ubao: kichwa cha kitanda chake mwenyewe, amekipaka nta ya mshumaa. Beverly akateleza akipiga mayowe. Akarudia, akaanguka kifudifudi, akainuka na mchanga masikioni, anacheka. Elkana akaanza kuihisi kofia kichwani.

"Sasa twende, madam?"

"Bado. Ngoja jua lizame. Picha za machweo ndizo zinauza."

Elkana akakubali. Yeye, mtoto wa shemasi, aliyelelewa kwa kuchungulia jua dirishani Jumamosi jioni ili aruhusiwe kucheza mpira, akasahau kwamba jua likizama, Sabato imekwisha.

Likazama. Lori likanguruma. Nyuma yake wakaja akina mama, leso zimefungwa juu ya nguo za ibada, sepetu begani.

"Elkana! Kanisani hatukukuona," Mama Filister akaita. "Kumbe uko huku unapandisha watu juu ya mchanga yetu?"

"Mama, nipe dakika moja tu."

"Dakika uombe dereva wa lori. Shukeni!"

Sepetu zikazama. Beverly, akiwa bado kileleni, akaanza kuteremka bila ubao.

"Elkana, mlima wa mababu unaenda wapi?"

"Unahama, madam. Milima ya mchanga duniani kote huhama."

"Kwa lori?"

"Mpaka Rongo," Mama Filister akamsaidia. "Huko itakuwa ghorofa."

Beverly akacheka mpaka akaketi. Kisha akaomba sepetu, akachota, akajipiga picha, akachota tena.

"Hii ndiyo safari yenyewe! Wageni wangu watalipa kufanya hivi."

"Walipe ndio wafanye kazi yetu?" Mama Filister akawageukia wenzake. "Yawa! Nairobi kuna wagonjwa."

"Ila nataka kiongozi asiyedanganya."

Elkana akapiga hatua mbele, akakohoa. Beverly akampita, akamvika Mama Filister kofia juu ya kitambaa cha kanisa.

Mama Filister akaiweka sawa, kisha akamtupia Elkana sepetu.

"Anzia upande huo, kiongozi. Na pole pole, usiumize mababu."