Shahidi wa Wimbo

Mwalimu Felisiani, anayefundisha kwaya yetu Kamunyonge, aliukataa wimbo wa baba kabla sijamaliza ubeti wa kwanza.

"Huo siyo mtakatifu, dada Marieta. Ni wimbo wa ng'ombe."

"Mtakatifu ni upi?"

"Ulio kitabuni. Na hilo litungu, kinubi cha baba yako, lilikuwaga la kwenye pombe. Kanisani haliingii."

Nimeuza dagaa sokoni Musoma miaka kumi na miwili. Nimebishana na watu wagumu kuliko yeye. Ila huyu sikuweza kumtukana. Mwaka jana mama alipozidiwa, na mvua imeharibu barabara, ni yeye aliyempakia kwenye pikapu yake kutoka Butiama hadi hospitali. Mama akapata miezi mitatu zaidi. Akatuaga mmoja mmoja, na akamwomba baba kitu kimoja: amshukuru Mungu kanisani kwa litungu lake. Misa ya kumbukumbu ilikuwa Jumapili hiyo. Ningekufa na mtu.

Jumamosi nilimfuata baba, mzee Keraryo, Butiama. Nilimkuta anakaza nyuzi za litungu. Nikamweleza yote, wala hakukasirika.

"Ng'ombe nilikuwa simsifiagi bure," alisema. "Nataja alichofanya, nauliza nani aliona. Shahidi akikosekana, nanyamaza, nakaa. Ni aibu kubwa, mama. Na Mungu nitamsifu hivyo hivyo."

Nilikwenda kwa paroko. Akakubali ubeti mmoja, baada ya komunyo. Jumapili Felisiani alinuna, akakaa mwisho wa benchi la kwaya, mikono kaifunga kifuani.

Baba alisimama, akapiga nyuzi taratibu, akaimba kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:

"Uliyeipasua mvua ya Butiama,
ukamfikisha Anastazia akiwa hai,
nani aliona?"

Siku ile mimi nilikuwa Mugango, nanunua dagaa. Baba alikuwemo garini, lakini mwimbaji hajishuhudii. Akauliza mara ya pili. Nilitamani kudanganya, nipaze sauti niseme niliona, lakini baba angejua. Mara ya tatu sauti yake ilishuka, na mkono ukaanza kupapasa kiti nyuma yake. Niliumia. Mimi ndiye niliyemleta pale kuaibika.

"Niliona."

Felisiani alikuwa amesimama.

"Niliona," alirudia. "Maji yalifika milangoni. Gari ikazima. Nikasema basi, mama huyu ananifia mikononi. Nikajaribu mara ya mwisho, ikawaka. Sijawahi kumwambia mtu."

Nilikuwa nimemwekea maneno makali ya kumpa tukitoka nje. Yote yaliniisha, nikalia mbele ya watu bila kuona haya.

Baba alikiacha kiti, akazirudia nyuzi. "Nani aliona?"

Na Felisiani akaifungua mikono yake, akaigeukia kwaya, akaanza kutuongoza kuitikia.