Damu ya Mkomani

Rahima alikuwa amezika watoto wawili. Mwanawe wa kwanza, Amini, alikuwa mzima na mtundu kupindukia. Waliomfuata waligeuka manjano kama bizari, wakafa kabla ya arubaini. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita, na mama mkwe wake, Bi Nana, alikwisha kutoa hukumu.

"Damu yake ni ya majini. Mtu wa Pate huyu, nani ayuao asili yake? Mwezi ukiandama apungwe, majini yamtoke. Na mwana huyu akifa, Athman, mwate, mpe talaka yake."

Athman, mume wa Rahima, akatazama mkeka. Dukani alikuwa simba, mbele ya mamake kondoo.

Maji yalimfika Rahima shingoni. Akajitanda buibui, akashika njia kuu mchana kweupe, jambo ambalo mke wa nyumba kubwa ya Mkomani, mtaa wa waungwana wa Lamu, hafanyi, akaenda hospitali. Muuguzi Kemunto, mtu wa bara, akamtoa damu, ikapelekwa kupimwa Mombasa. Jibu liliporudi alimweleza taratibu.

"Damu yako inaitwa Rh hasi. Imekosa kitu kimoja ambacho damu za wengi zinacho. Mtoto akikirithi kwa baba, mwili wako unamwona adui. Wa kwanza husalimika. Wanaofuata hupigwa vita tumboni."

"Na asili yake ni wapi?"

"Wataalamu wanasema ni badiliko la kale sana. Lilianzaje, bado wanabishana."

"Nyinyi hamuyui na mwasema hamuyui," akasema Rahima. "Kwetu hawayui, na wamenipa ukoo wa majini!"

Alikuwa amemuuliza hata Maalim Muhdhar wa msikitini, naye akamjibu kwamba hakuna aya inayobagua damu: sote ni wa Adamu, na Adamu ni wa udongo.

Kemunto akamwambia ajifungulie Mombasa, ambako damu ya mtoto ingeweza kubadilishwa. Lakini mtoto angehitaji damu ya namna ya Rahima, nayo ilikuwa adimu. Alitakiwa aende na mtu wa kumtolea mtoto damu hiyo.

Rahima akarudi, akasimama katikati ya chumba.

"Sipungwi. Kama yangu ni ya majini, toani zenu tuone za watu!"

Bi Nana akacheka. Kuguswa ukoo wake, huyo asingekubali. Muuguzi alipokuja na sindano kuwapima, yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

"Chukua. Hii ni ya waungwana, tangu na tangu."

Baada ya wiki mbili Kemunto alikuja na barua. Damu ya Athman ilikuwa kama za wengi. Ya Bi Nana ilikuwa sawasawa na ya Rahima.

Bi Nana alikaa kitako. Baada ya Athman alizaa wanne, akawazika wote, na miaka yote hiyo akilaumu husuda za majirani.

"Na wangu wane?"

"Huenda ni hivyo hivyo, mama," akasema Kemunto.

Rahima alikuwa na maneno makali tayari. Aliyameza, lakini hakuinamisha macho.

"Bi, sisi ni wana wa nani?"

Bi Nana akaikunja ile barua. "Wa Adamu," akasema, machozi yakimtoka.

"Mama," Athman akaanza, "watu watasema..."

"Nyamaa! Damu ilokuzaa ndiyo hii. Ukiiona ni ya majini, anza kuikataa mwilini mwako. Katafute safari ya Mombasa. Twenda wawili, mimi na mkeo, na mkono wa kutoa damu ni wangu."

Athman akavaa viatu, akatoka kuitafuta safari.