Kisio la Ishirini

Mwalimu wa hesabu alikuwa katikati ya somo pale maneno yake mwenyewe yalipomgeuka.

"Kikokotoo cha grafu hakijui unataka nini," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Kinakuomba kisio, halafu kinakukamatia jibu lililo jirani na kisio hicho. Kwa hiyo chora grafu kwanza, uone inakata mstari mara ngapi."

Yeye jana hakuchora kitu. Mumewe, mfua bati, alimfuata jikoni na swali: ana bati la sentimita mia kwa sitini, anataka kukata miraba kwenye pembe zake nne, akunje kingo, apate trei ya lita ishirini ya kusukumwa chini ya magari kukinga oili. Kila mraba uwe na upande wa ngapi? Mwalimu akaingiza mlinganyo. Kikokotoo kilipoomba kisio alibonyeza ishirini, basi tu kwa sababu zile lita ishirini zilikuwa bado zinamzunguka kichwani. Likaja jibu, ishirini na moja nukta tisa. Akampa mumewe, akarudi kwenye sufuria yake kifua mbele.

Sasa aliligeuzia darasa mgongo, akachora ubaoni grafu ya mlinganyo uleule. Majibu yaliyowezekana kwenye bati lile yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa nne na kitu. Trei ya kina cha sentimita nne inapita chini ya gari lolote. Hiyo ya ishirini na mbili kasoro ni sanduku jembamba, wala huwezi kulisogeza chini ya gari. Na bati lenyewe lilikuwa moja tu, tena la mwenye gereji, mteja wa kwanza wa maana tangu mumewe afungue karakana.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akawapa wanafunzi zoezi, akaenda dirishani, akarudi mezani, akafuta ubao, akaufuta tena ukiwa hauna kitu. Mwishowe uzalendo ukamshinda. Alimwomba mwalimu wa darasa la jirani amwangalizie, akatoka mbio mbio, chaki ikiwa bado mkononi.

Karakanani palikuwa kimya. Miraba minne mikubwa ilikuwa imelala sakafuni, na mumewe amekaa kwenye stuli akiitazama.

"Umeshakata," alisema Mwalimu.

"Nimekata."

"Na hukuona kama itakuwa ndefu mno kwenda juu?"

"Niliona." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Nimekaa na mkasi hapa muda mzuri tu. Nikataka kukupigia, nikuulize."

"Si ungepiga, jamani."

"Mara ya mwisho nilipokuuliza mara mbili ulinijia juu, mke wangu. Ukasema kama sikuamini nitafute mwalimu mwingine. Nikajiambia potelea mbali, safari hii namwamini."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Alikumbuka vizuri alivyofoka siku ile, na jinsi yeye alivyofurahi pale mumewe aliponyamaza. Akachuchumaa mbele yake.

"Niulize sasa," alisema.

Mumewe alimtazama kwanza usoni.

"Hii itapita vipi chini ya gari?"

"Haipiti. Nimekosea mimi, na kwa mwenye gereji nitakwenda kusema mwenyewe."

Lakini kilichomuuma ni kwamba hata sasa, na bati la mteja wake limeharibika, mumewe aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kufokewa.